Anayegonga Saa Nne Asubuhi

Watu wengi huogopa usiku. Mimi usiku nililala fofofo, bila ndoto, hadi jogoo. Adui wangu alikuwa saa nne asubuhi. Jua limeshika, watoto wako shuleni, kuku wanachakura uani, nami nimeketi mlangoni napepeta mtama. Hapo ndipo ilipoanza. Ngo. Ngo. Ngo. Mara tatu, kimya kidogo, halafu mara tatu tena, kutoka chini ya sakafu ya nyumba yangu.

Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu, labda Rongo, labda Mbita, anasikia kitu chake na hajamwambia yeyote. Mimi si daktari. Mimi ni mama chai. Jina la Kizungu la ugonjwa wangu niliambiwa nikalisahau, na sijalitafuta tena. Ninachojua ni vile ulivyoanza, ulivyonila, na vile nilivyotoka, ikiwa nimetoka.

Naitwa Awuor, ingawa nilikoolewa hakuna aniitaye hivyo. Huko mimi ni nyar Lambwe, binti wa Lambwe, kwa sababu nilizaliwa kule bondeni. Mume wangu Owino alikuwa mtu wa Kosele, lakini tuliishi Osiri, Migori, yeye akichimba dhahabu na mimi nikiuza chai na mandazi pale pale penye mashimo. Nilikuwa na mdomo, wacha nikuambie. Mchimbaji akinywa chai yangu na kujifanya amesahau kulipa, soko zima lilijua kabla hajafuta mdomo.

Huko chini ya ardhi hakuna anayejua saa. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Kando ya shimo paliteremshwa bomba refu la chuma. Nikifika na chupa zangu saa nne, niliokota jiwe nikagonga bomba mara tatu, maana yake chai imefika. Owino huko chini aligonga mara tatu kunijibu, maana yake nimesikia, napanda. Kwa miaka sita sikumbuki siku ambayo hakujibu.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zilipozidi, shimo likaanguka. Wenzake wawili walikuwa wameshapanda. Yeye alikuwa nyuma yao.

Siku mbili wanaume walichimba, na siku mbili tulimsikia kwenye bomba. Siku ya tatu wazee wakasema kumenyamaza, na udongo bado unatembea, hatuwezi kupoteza wengine. Odongo, kaka mkubwa wa Owino, ndiye aliyeikunja kamba. Sikupiga kelele wala kuanguka chini. Nilichukua chupa zangu za chai nikaenda nyumbani kuwa mjane.

Kwetu mtu asiyepatikana hazikwi hivi hivi. Hutafutwa yago, lile tunda refu zito linaloning'inia porini, likalazwa ndani ya jeneza badala ya mwili, likaliliwa kama mtu. Tulifanya hivyo Kosele. Mama mkwe wangu, mama yake Owino, ndiye aliyeingia chumbani peke yake na lile tunda kulivisha shati la bluu ambalo Owino alikuwa amelivua na kuliacha juu ya shimo asubuhi ile. Alipotoka jeneza lilikuwa limeshafungwa. Tulizika, watu wakala, wakaenda zao, nami nikabaki Kosele.

Baada ya hapo mjane hungoja ndoto. Wale wa kwetu wanajua nasema nini. Mpaka mume akujie usingizini, alale nawe kama alivyolala siku zake, hujaachiliwa. Huingii boma la mtu mwingine, huendi sokoni kuuza, hupandi shamba. Kila asubuhi Mama alikuja mlangoni pangu, mkono kwenye fremu, akauliza kwa upole, "Alikuja?"

"Bado, Mama."

Desemba, bado. Januari, bado. Februari mawingu yakaanza kujikusanya, na kila mtu Kosele akatoa mbegu juani. Kwenye boma letu mbegu zilikaa ndani, kwa sababu yangu. Odongo alianza kupita mbele ya nyumba yangu bila kunisalimu. Mke wake alinitazama tumbo, kichwa, miguu, akitafuta mahali ndoto ilipokwama. Watoto wangu wawili, Achieng' na Opiyo, walikuwa wanakula uji asubuhi na uji jioni.

Kwa hiyo mvua ya kwanza ilipoanguka, Mama alipouliza, nikasema, "Amekuja."

Akashika fremu kwa mikono miwili. "Amekuja? Alikuwaje?"

Sasa hapo ndipo mwongo huongeza chumvi, na mimi nikaongeza. "Alikuwa mzima, Mama. Alikuwa amevaa shati lake la bluu."

"Shati gani?"

"Lile la bluu. Lile tulilomzika nalo."

Mama aliachia fremu. Akageuka akaenda polepole nyumbani kwake, akafunga mlango. Nilidhani ni furaha imemzidi. Siku iliyofuata nikanyolewa, ishara ya kwamba nimeachiliwa, mbegu zikaingia ardhini, na nikaruhusiwa kwenda soko la Kosele na chupa zangu. Kabla wiki haijaisha, saa nne asubuhi, ikaja ngo, ngo, ngo.

Mwanzoni nilisema ni panya. Nikasema ni jirani anajenga. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikapiga magoti na kuweka sikio chini, na ardhi ilikuwa kimya kabisa. Nikirudi ndani na kuketi, inaanza. Kwa nini isianze? Nilikuwa nimemsingizia marehemu. Nilikuwa nimesema alilala nami na hakulala. Nyasaye, Mungu wangu, niliogopa mpaka mate yakanikauka.

Kisha mwili ukaanza kufanya mambo yake. Taya liliuma kila asubuhi kwa kuuma meno usingizini. Mikono ilitetemeka hadi chai ikamwagika kwenye vidole vya wateja, na nikapoteza wateja. Siku zangu za mwezi zilikatika. Ugali ulikuwa mchanga mdomoni. Sketi zangu nilizifunga kwa pini mbili, halafu tatu. Na mimi, mwenye mdomo Osiri nzima, nilianza kuongea kwa sauti ndogo, nikihofia kwamba nikiongea sana sitasikia yule wa chini akisema kitu.

Jambo baya zaidi lilianza Aprili. Nilianza kujibu. Nilichukua mchi wa kinu nikagonga sakafu mara tatu. Siku moja Achieng' alirudi mapema akiwa na homa, akanikuta nimelala kifudifudi, sikio sakafuni, mchi mkononi.

"Mama, unaongea na nani?"

"Natafuta shilingi imeingia kwenye ufa."

Alinitazama. Ana miaka kumi yule, lakini si mjinga. Tangu siku hiyo aliacha kuniacha peke yangu na mdogo wake.

Na si mimi tu niliyekuwa nakonda. Mama mkwe wangu, mwanamke aliyeweza kubeba debe mbili za maji bila kushika, alikuwa ameacha kula. Sahani ilirudi ilivyokwenda. Shingo yake ilitoka mishipa. Kila baada ya siku chache aliniita kando na kuniuliza lile lile: "Siku ile, mtoto wangu, alikuwa na hasira? Alisema kitu juu ya lile shati?" Nami nilijibu hapana, hapana, hakuwa na hasira, na kila hapana ilinikaba zaidi. Nilijua anakufa, na nilijua ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaoshika boma lililovunja mwiko, na nilijua ni nani aliyevunja.

Odongo naye alijua, au alidhani anajua. Alituita wote mwezi wa tano, baada ya palizi ya kwanza. "Mama anaisha mbele ya macho yetu," alisema. "Kuna mtu hapa amefanya kitu na amenyamaza. Akijulikana ni nani, atarudi kwao." Halafu akanitazama mimi. "Watoto watabaki. Watoto ni wa boma hili."

Basi ikawa hivyo. Nikisema, naenda Lambwe mikono mitupu. Nisiposema, Mama anakufa. Na huku chini mtu anagonga.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilichemsha chai, nikajaza chupa, nikavaa vizuri na kuondoka. Sikumbuki nilipandia gari wapi. Nakumbuka tu nimefika Osiri na jua liko kichwani. Shimo lilikuwa limeachwa, limezungushiwa matawi ya miiba, na lile bomba bado limechomoza pembeni. Nilisogeza miiba. Nikafungua chupa na kuanza kumimina chai ndani ya shimo, taratibu, nikimwambia aangalie ina moto.

"Nyar Lambwe! Wewe! Yawa!"

Alikuwa Pamela, mwanamke aliyechukua nafasi yangu ya kuuza chai pale. Alinishika leso kwa nyuma akanivuta, tukaanguka wote matopeni.

"Unafanya nini hapo?"

"Amegonga. Amesema anapanda."

"Nani?"

Nikamtazama nikiona kweli hana akili. "Owino, sasa. Nani mwingine?"

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshapita ukingo. Hilo aliniambia baadaye. Pamela huyo tuligombana miaka mitatu kwa ajili ya wateja, na ndiye aliyefunga biashara yake siku ile, akanipangusa matope usoni kwa leso yake mwenyewe, akanipeleka hadi hospitalini Homa Bay. Njia nzima alinishika kiganja kana kwamba mimi ni mtoto wa nasari. Mungu amzidishie.

Kile chumba cha kungojea sitakisahau. Benchi za mbao, ukuta wa kijani hadi kiunoni, watu wameketi kwa mstari na kila anapoitwa mmoja wote husogea nafasi moja. Mama mmoja aliimba pambio moja tu tangu asubuhi. Mzee mmoja alikuja amevaa suti na gambuti. Nikasema moyoni, Awuor, umefika kwa wazimu sasa. Halafu fundi aliyekuwa akitengeneza dirisha akainua nyundo. Ngo, ngo, ngo. Nilipopata fahamu nilikuwa chini ya benchi na mzee wa suti ameinama kunitazama.

"Hata mimi siipendi hiyo nyundo," akasema. Akamfokea fundi aende akatengeneze kwingine, na fundi akaenda.

Daktari alinipa vidonge vya kunituliza, halafu akanipeleka chumba cha mwisho, kwa kaunsela. Mlango ulipofunguka nikaona kijana, ndevu zenyewe bado zinabembelezwa. Aliitwa Chacha, Mkuria wa upande wa Kehancha. Kijaluo chake kilikuwa cha kununulia samaki tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili.

Naomba nikae kidogo hapo. Nilichukia hilo mwanzoni. Lakini mambo niliyoyaficha yalikuwa yamefichwa kwa Kijaluo, kwa sauti ya Mama na ya Odongo na ya mazishi. Kiswahili kwangu ni lugha ya sokoni, ya askari, ya mgeni. Ndani yake hapakuwa na mtu wa kunitazama. Nilimwambia Chacha kwa siku moja mambo ambayo sikuweza kuyanong'ona kwa lugha yangu miezi mitatu.

Hakuniambia kwamba hakuna anayegonga. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana akisema hivyo. Aliniuliza tu, "Kabla hujasikia, mwili wako huwa unafanya nini?"

"Kwani mwili unafanya nini? Unakaa."

"Nenda ukauangalie, mama. Kisha uniandikie."

Alinipa daftari, akachora mistari miwili kwa rula kila ukurasa. Upande wa kwanza niandike kilichotokea. Katikati, neno lililopita moyoni, hata kama la kijinga. Upande wa mwisho, mwili ulifanya nini. Akanifundisha pia kupumua, nikamwambia nimekuwa nikipumua tangu nizaliwe bila msaada wa serikali. Akacheka, akanifundisha hata hivyo.

Nilikwenda kila Alhamisi ya pili ya mwezi. Nyumbani nilisema natibiwa presha. Miadi ya kwanza mahindi yalikuwa magotini, ya tatu yalikuwa yanatoa ndevu. Daftari lilijaa. Nikaona kitu ambacho sikukijua: kabla ya kugonga, kila mara, taya linakaza, na kabla ya taya, kila mara, kuna mtu amepita na kikombe, au nimesikia maji yakichemka, au jua limefika kwenye jiwe fulani uani. Na katikati ya ukurasa, kwa mwandiko wangu mbaya, nilikuwa nimeandika neno moja siku kumi na tisa. Anangoja.

Chacha aliweka kidole hapo. "Anangoja nini?"

"Sijui."

"Sawa. Hatuna haraka."

Lakini mimi nilikuwa na haraka. Kila nikirudi Kosele nilimkuta Mama amepungua. Alikuwa sasa anakaa nyumbani kwake karibu na ule mtungi mkubwa wa nafaka, hatoki, hataki mtu afagie pale. Vidonge vilinipa nguvu kidogo, nikapika, nikaosha, nikampelekea uji, naye akaonja kijiko kimoja kwa adabu. Odongo aliacha kuongea nami kabisa. Alizungumza na watoto wangu kana kwamba mimi sipo.

Miadi ya saba ilikuwa baada ya mavuno. Chacha alivuta kiti cha pili akakiweka mbele yangu.

"Leo usiniambie mimi. Mwambie Owino. Ameketi hapa."

"Haki Chacha, kumbe mgonjwa ni wewe."

Hakucheka. Pale mezani palikuwa na kikombe chake cha chai, kinatoa moshi, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Taya likaanza. Nilikitazama kile kiti. Nikasema, nikidhani natania, "Owino, chai imefika."

Kisha nikasema, "Siku ya tatu nilikusikia."

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Naapa. Lilitoka lenyewe, na likiisha kutoka halikuweza kurudi.

Siku ya pili ya kumtafuta, mimi ndiye niliyeweka sikio kwenye bomba nikapiga kelele kwamba nimesikia. Vijana wawili wakashuka mbio kwa sababu ya kelele zangu, ukuta ukaanguka, mmoja akavunjika mguu, wakamtoa akilia jina la mama yake. Siku ya tatu wazee waliposema basi, niliomba dakika moja. Nikachukua jiwe langu, nikagonga mara tatu, nikaweka sikio. Ikaja ngo. Moja. Dhaifu. Nikainua kichwa, nikamwona Odongo anakunja kamba, nikaona vijana wengine wamekaa chini na uso wa udongo. Nikasema moyoni, nikipiga kelele tena nitaua mtoto wa mtu. Nikanyamaza. Nikachukua chupa zangu.

"Tulizika tunda," nilimwambia Chacha, "na mtu alikuwa anagonga. Ndiyo maana hakuja kwenye ndoto. Angekujaje? Alikuwa hajafa."

Nililia mpaka pua ikajaa. Chacha alikaa. Hakuniambia pole, na nilimshukuru kwa hilo.

Baadaye sana akauliza, "Ulisikia, au ulitaka kusikia?"

"Sijui."

"Unaweza kuishi na hiyo sijui?"

"Siwezi."

"Basi tuanzie hapo," akasema. Na kazi yetu yote kuanzia siku hiyo ilikuwa hiyo tu, mimi na sijui yangu, kuizoea kidogo kidogo. Yeyote anayekuambia matibabu haya ni kukaa tu na kupiga soga, mpeleke akakae kile kiti.

Nilipokuwa natoka aliniuliza jambo moja zaidi. "Mama, ukiacha wewe, nani mwingine pale nyumbani ameacha kula?"

Nilifika nyumbani na swali hilo na kulala nalo. Kesho yake vuli ilikuwa imerudi, manyunyu mepesi. Nilichemsha chai, nikachukua vikombe viwili, nikaingia kwa Mama saa nne. Alikuwa amejikunja kando ya mtungi wake. Niliketi chini kwenye mkeka. Nikafanya ule upumuaji wa serikali. Nilisema kwa Kijaluo, na kila neno lilikuwa na uzito wake kamili.

"Mama, Owino hakunijia. Nilidanganya. Sikuota kitu."

Hakuinua kichwa. Mvua ilisikika juu ya mabati. Nilianza kuhesabu nguo za watoto ambazo nitaomba kuzifua kabla ya kufukuzwa.

"Shati je?" akasema.

"Hakuna shati, Mama. Nilisema tu."

Akainuka. Aliinuka kwa shida, akishika ukuta. Akaingiza mkono ndani ya mtungi, chini ya mtama, hadi begani, akatoa kitu kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Akakifungua mapajani pangu. Lilikuwa shati la bluu la Owino, na udongo mwekundu wa Osiri bado uko kwenye kola.

"Nilishindwa kulivisha tunda," Mama akasema. "Ni mwanangu. Nilitaka kitu chenye harufu yake. Nikalificha. Halafu wewe ukasema amekuja amelivaa." Akashika mdomo. "Nikajua amekuja kulidai. Nikajua nimemwacha mwanangu uchi, na amenikasirikia. Miezi minane, nyar Lambwe. Miezi minane najua anakuja kwangu."

Yawa. Nimemwambia mama yule hapana, hakuwa na hasira, mara ngapi? Kumbe kila mara nilikuwa namthibitishia kwamba kweli alikuja. Nilidhani chira inamla, na aliyekuwa anamla ni mimi, kwa sentensi moja ya uongo niliyoitupa asubuhi moja ili nikauze chai. Nilimshika miguu. Alinishika kichwa. Tulikuwa wanawake wawili kwenye boma moja, kila mmoja akiogopa kivyake, tukipeana uji ambao hakuna aliyeunywa.

Kisha Mama akaacha kulia ghafla. Akanitazama vizuri, macho makavu.

"Sasa kama hakuja kwako," akauliza, "yuko wapi?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Tangu lile tunda liingie kaburini hapakuwa na mtu aliyethubutu.

"Yuko Osiri, Mama. Yuko kule kule chini."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokijua. "Nipeleke," akasema.

Odongo naye, Mama alimmaliza mwenyewe jioni ile, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia mwaka mzima. Alimwambia mimi siendi popote, na kama anatafuta aliyevunja kitu, aanze na yeye mama yake mzazi, amfukuze. Odongo alitoka pale kichwa chini. Bado hanipendi sana, lakini ananisalimu.

Jambo la siku ya tatu sikumwambia Mama. Hilo analijua Chacha, na sasa unalijua wewe. Mama hasomi Kiswahili. Labda ni kosa, labda ni huruma, na hiyo nayo nimeiweka kwenye sijui yangu.

Tulikwenda Osiri kulipokauka kidogo, mimi na yeye na chupa ya chai. Pamela alitutolea viti viwili vya plastiki mwenyewe bila kuombwa. Mama alisimama kwenye miiba akamwita mwanawe kwa jina lake lote, la baba na la babu. Akalikunja shati, akaliachia shimoni. Hatukusikia likifika.

Halafu akaliona bomba.

"Ni hili?"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameokota jiwe. Sitaki kusema uongo, nilitaka kumshika mkono. Taya lilikaza mpaka masikio yakauma. Akagonga. Ngo. Ngo. Ngo. Akainama, mwili wote ule mwembamba, akaweka sikio kwenye chuma. Nami nikainama upande wa pili, uso wangu karibu na wake, nikiwa na woga ambao sijawahi kuwa nao maishani, woga wa kusikia na woga wa kutosikia. Tulikaa hivyo. Nzi alitua kwenye mkono wangu akaondoka. Saa nne ikapita, saa nne na nusu.

Hakuna aliyejibu.

Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki akafuta kutu kwenye shavu. Nikammiminia chai. Akanywa yote, akageuza kikombe akatazama ndani, akaninyooshea tena.

"Nyar Lambwe," akasema, "wewe chai yako siku hizi haina sukari."